Dhamana ya Miezi Kumi na Miwili

Ahadi ikishatoka mdomoni hukaa wapi? Kwa aliyeitoa haipo, maana ameshaitoa. Kwa aliyepewa haipo, maana bado anaidai. Basi iko katikati, hewani, baina ya mdomo wa huyu na sikio la yule, inarukaruka kama nzi juu ya bakuli la uji, na kila mwenye mkono mrefu anaweza kuifukuza. Kazija alikuwa na ahadi ya namna hiyo. Yake iliandikwa kwa wino wa buluu na kupigwa muhuri wa jogoo: injini hii ikifa kabla ya miezi kumi na miwili, sisi tuliokuuzia tutaifufua, na ikikataa kufufuka tutakupa nyingine. Alikuwa ameikunja mara nne na kuitia ndani ya sidiria, upande wa moyo, kwa kuwa katika mji ule mikoba ilikuwa inaibwa lakini sidiria zilikuwa bado zina heshima kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa la wanawake kumi na wawili wa Mtaa wa Nyuma, na lilikuwa na kazi moja tu duniani: kumchukua mwanamke aliyeshikwa na uchungu na kumfikisha hospitali, ng'ambo ya uwanda, kabla mtoto hajaamua mambo yake mwenyewe. Kazija ndiye aliyekuwa dereva. Hakuchaguliwa kwa kuwa anajua usukani kuliko wenzake. Alichaguliwa kwa kuwa ana sababu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya mkokoteni wa maji, akavuta pumzi mbili, akaona zinatosha. Wa pili hakuvuta hata hiyo moja. Huyo aliishia kwenye keria ya baiskeli, mchangani, mwenye baiskeli akipiga kengele kuwaondoa njiani watu ambao hawakuwapo. Sasa Kazija alikuwa na wa tatu, wa miezi miwili, bado siri ya mtu na tumbo lake. Gari lilikuwa na miezi mitano. Na gari ndilo lililotangulia kufa. Lilikuwa linarudi tupu kutoka hospitali, likagonga ndani kwa ndani mara tatu, kama mgeni asiye na subira, likanyamaza. Limenoki.

Basi asubuhi ile wakalivuta. Wanawake kumi na wawili, kamba mbili, wimbo mmoja wa matusi, mpaka kwenye Jumba la Dhamana, jumba la vioo vitupu lililosimama peke yake mwisho wa lami, kana kwamba lami yenyewe ilitandazwa ili ifike hapo ikome.

"Mnakwenda wapi na maiti hiyo?" akauliza mlinzi wa lango.

"Si maiti, baba," akajibu Bi Mashavu, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi. "Ni maneno yenu. Tumewarudishieni. Yamenoki."

Mlinzi hakucheka. Wapo watu wanaolipwa wasicheke. Akaacha gari lisukumwe kwenda ua wa nyuma, kisha akanyoosha fimbo yake mbele ya vifua vyao. "Anaingia mmoja. Akitoka kabla hajamaliza, nambari yake imekufa."

"Ingia wewe, mwanangu," Bi Mashavu akamwambia Kazija, huku akiitafutia kivuli chupa yake ya chai. "Utoke haijapoa."

Ndani kulikuwa na ile baridi ya kutengenezwa, inayomfanya mtu mzima ajihisi mgonjwa. Benchi moja refu lilizunguka kuta zote, na watu wamekaa juu yake bega kwa bega, kila mmoja ameshika kikaratasi chake kama anayeshika mkono wa mtoto sokoni. Ukutani palitundikwa saa yenye mshale mmoja. Haikuwa na dakika. Ilikuwa na miezi. Na mshale ule, Mungu si Athumani, ulikuwa unakwenda mtu akiuona kwa macho yake.

"Karibu, bibie, sogea, sina miiba," akasema mzee wa jirani, ndevu zake nyeupe zimemfika kitovuni. "Naitwa Pandu. Mimi giaboksi. Wewe?"

"Injini."

"Lo! Na mimi giaboksi tu imenifanya hivi."

"Umekaa sana hapa, babu?"

"Babu? Nimeingia leo asubuhi! Nilikuwa na ndevu tatu, na mbili nilizichora kwa makaa. Mchumba wangu yuko hapo nje ya lango, nimemwacha anamenya chungwa." Akatazama mlangoni kwa hamu. "Hajamaliza kulimenya, nina hakika."

Kazija akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, na kwamba gauni lake limeanza kumbana kiunoni. Mshale ulikuwa umeshauacha mwezi wa tano, unaunyatia wa saba.

"Benchi ndilo linalokula," Pandu akamnong'oneza. "Nje ni asubuhi ile ile, haijasogea. Humu mtu akikaa, benchi linamla muda wake. Akisimama bila kuitwa, wanamfuta. Mafundi hawa, bibie! Hawajavunja ahadi hata siku moja. Wanaikalisha tu, mpaka iishe yenyewe."

Kazija akaligeuzageuza neno hilo kichwani. Zamani, alipokuwa msichana, alidhani mwenye nguvu ni mwenye fimbo, kwa sababu fimbo inauma na alama yake inaonekana. Baadaye aliolewa akadhani ni mwenye nyumba. Sasa, makalio yake juu ya ubao ule, alianza kuona kwamba hao wote walikuwa watoto wanaocheza. Mwenye nguvu ni yule ambaye umri wako ndio posho yake. Hakupigi wala hakutukani. Anakwambia, kaa, mama, tutakuita, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtu anayekutandikia mkeka. Na wewe unakaa, unamshukuru hata, na yeye anaanza kula kutoka miguuni. Utamshitaki kwa lipi? Alama iko wapi? Ukiulizwa amekufanya nini, utajibu: amenikaribisha.

"Mlalamikaji!" ikaitwa kutoka meza ya kwanza.

Hakuna aliyeinuka.

"Ni wewe," Pandu akamsukuma kwa kiwiko.

Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mnene kiasi, amevaa tai ya kijani, kidevuni ana mkwaruzo mbichi wa wembe.

"Naitwa Kazija," Kazija akasema.

"Kazija ni wa nyumbani kwenu. Hapa unaitwa Mlalamikaji. Kitabu cha huduma?"

Akampa. Bwana yule akakifunua ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Kila baada ya safari zilizopangwa gari lilikuwa limepelekwa, likabadilishwa oili, likapigwa muhuri. Wanawake wa Mtaa wa Nyuma hawakuwahi kukosa kliniki hata moja ya gari lile.

"Kimejaa," akasema yule bwana.

"Kimejaa."

"Mihuri yote ipo."

"Ipo, baba. Ihesabu tena ukipenda."

Alisononeka, kama mtu aliyebeba nyundo kwenda kuvunja mlango akaukuta wazi. Akaandika kitu kirefu. "Rudi benchini. Utaitwa na Uchunguzi."

Akarudi. Akaliwa. Tumbo likatoka mbele, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Mtoto akacheza kwa mara ya kwanza mshale ulipopita mwezi wa nane, na Kazija, ambaye alipaswa kuwa kwenye kibaraza cha nyumbani kwake siku ya furaha kama ile, na mashoga zake wamemwekea mikono tumboni, aliipokea furaha hiyo bega kwa bega na watu wenye giaboksi. Hapo ndipo hasira yake ilipoota jino la kwanza.

Kwenye meza ya Uchunguzi alimkuta bwana mnene kiasi, mwenye tai ya manjano.

"Si wewe uliyenituma huku?"

"Yule wa kule ni mwingine."

"Ana mkwaruzo wa wembe kama wako."

"Wembe ni wa ofisi, bibie." Akaweka mezani kichupa cha kioo chenye maji ya rangi ya machungwa mabivu. "Haya yametoka ndani ya rejeta ya gari lako. Yananukia. Unayajua?"

Hakuhitaji kuinama kuyanusa. Zafarani na marashi ya mawaridi. Mtaa wa Nyuma kitu kipya kisichomwagiwa kombe ni yatima, kiwe nyumba, kiwe cherehani, awe bwana harusi. Siku gari lilipofika, Bi Mashavu alileta sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, akaiosha kwa marashi, akayanyunyiza maji yale kwenye magurudumu manne na juu ya boneti, na yaliyobaki akampa dereva, Kazija akayanywa kwa mafunda matatu. Na mtaani kwao mtu akiikana dua aliyoombewa, inarudi ilikotoka imetahayari, haiji tena. Kwa hiyo Kazija hakuona jambo la kuficha. Akajibu, kichwa juu:

"Ni kombe. Tulilimwagia siku ya kwanza."

Mwingine yeyote, wa mtaa mwingine wowote, angesema sijui. Bwana wa tai ya manjano aliandika jibu lile polepole, kwa mapenzi, kama anayeandika barua ya posa.

"Nashukuru sana kwa ukweli wako. Kifungu cha tisa: maji yoyote yasiyoidhinishwa yakiingia ndani ya injini, dhamana imekufa."

"Yaliingia wapi? Tulimwagia magurudumu na boneti! Ndani hatukutia hata tone!"

"Kwa hiyo yalipanda yenyewe, yakafungua kifuniko cha rejeta, yakaingia, yakafunga."

"Sijasema hivyo."

"Hebu kumbuka vizuri."

Akakumbuka. Aliiona sahani juu ya gurudumu, na mkono wa Bi Mashavu. Akaambiwa akumbuke tena. Safari hii sahani ilikuwa juu ya boneti, na mkono haukuonekana ni wa nani. Akaambiwa tena, kwa upole ule ule. Mara ya tatu boneti ilikuwa wazi, kifuniko cha rejeta kimewekwa pembeni, sahani imeinama, na mkono ulioishika ulikuwa na pete yake mwenyewe.

"Umeona?" akasema yule bwana. "Rudi benchini. Mdhamini Mkuu atathibitisha kifo."

Benchi.

Nilimwaga? Sikumwaga. Pete niliivaa siku ile? Niliivua niliponawa. Basi mkono ulikuwa wa nani. Mwezi wa kumi. Kama nilimwaga, nimewaua mimi wanawake wa mtaa mzima kwa kikombe cha marashi. Mtoto anageuka. Geuka, baba, geuka, kaa kichwa chini kama watu. Yule wa mkokoteni nilimuua mimi? Waliniuliza pia. Ulibeba ndoo? Ulikula nini? Ulimkasirikia mtu? Kila nilipoulizwa nilikumbuka ndoo nyingine. Mwezi wa kumi na nusu. Hawakumuuliza mwenye barabara. Hakuna aliyewahi kumuuliza barabara yake ilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyeulizwa, mimi ndiye niliyekuwa na jibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa na kosa. Nilimwaga. Sikumwaga. Mkojo umenibana.

Choo kiliruhusiwa, kwa kibao cha mbao kilichotundikwa msumarini. Ilikuwa ruhusa pekee katika jumba lile, na watu waliitumia kwa nidhamu. Kazija alikichukua kibao, akaenda kwa mwendo wa bata, akasukuma mlango aliodhani ndio, akajikuta ua wa nyuma. Gari lao lilikuwa hapo. Limeoshwa. Limefungwa boneti. Kando yake, juu ya tairi kuukuu, alikaa fundi amevaa ovaroli, anakula muhogo wa kuchoma kwa pilipili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye mwenye hili?" Fundi Songoro akajifuta vidole. "Hamna haraka nyinyi! Injini mpya nimeifunga tangu mwezi wa sita. Inakoroma kama paka aliyeshiba. Funguo hizi hapa mfukoni, nangoja sahihi tu."

Kazija akalishika gari asianguke. "Wameniambia dhamana imekufa. Kwa sababu ya zafarani."

Songoro akacheka mpaka pilipili ikamwendea puani. "Zafarani?" Akakohoa, akatema, akapangusa machozi. "Zafarani ni yetu, mama! Kila gari linaloshuka hapa, kabla halijapandishwa kwenye vioo, Mdhamini huleta kombe kutoka kwa mwalimu wake. Kikombe kimoja kwenye rejeta. Lipate mnunuzi upesi. Mkono unaomimina ni huu hapa, miaka yote. Sahani zile pale."

Nyuma yake kulikuwa na mlundo wa sahani nyeupe umefika kwenye dirisha. Kila moja, kwa chini, ilikuwa na muhuri wa jogoo.

"Na injini iliuawa na nini?"

"Pampu ya oili. Ilizaliwa mbovu. Shehena nzima ile ilikuwa hivyo. Wanajua."

"Utakuja useme hayo?"

Fundi akautazama muhogo wake. "Mama, nami nina benchi langu, ila hulioni." Kisha akaichukua sahani ya juu kabisa, akaiweka chini katikati yao, akageuka kuutazama ukuta. "Mimi sijakupa kitu. Umeokota."

Kuna hasira inayopiga kelele, na hiyo ni ndogo. Ukiipa maji ya kunywa inalala. Kuna nyingine inayopanga vyombo. Inaingia ndani ya mtu kama mama mkwe aliyerudi safari, inafagia, inafungua madirisha, inauliza hiki kimewekwa hapa na nani. Hasira hiyo ndiyo iliyomrudisha Kazija ndani. Iliutoa mkono wake ndani ya rejeta. Iliifunga boneti. Iliirudisha sahani kwa Bi Mashavu, juu ya gurudumu, siku ya jua, wanawake wanapiga vigelegele, na pete yake iko kwenye kizingiti cha dirisha alikoivua. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alikuwa anajua alichofanya. Alikuwa anajua, kwa hiyo sasa waogope wao.

Hakukaa. Akapita katikati ya ukumbi kwenda kwenye ngazi za Mdhamini Mkuu, na benchi zima likavuta pumzi.

"Hujaitwa!" Pandu akanong'ona, kisha akainuka na yeye, magoti yanalia. "Lakini tangulia, bibie. Tangulia, nisije nikafa bila kuona."

Juu ya ngazi, kwenye zulia jeupe, nyuma ya meza, juu ya kiti kirefu chenye mgongo wa ngozi, alikaa bwana mnene kiasi. Tai nyekundu. Mkwaruzo wa wembe, bado mbichi, kama wa asubuhi ile. Mshale wa saa ulikuwa umebakiwa na siku tatu.

Kazija akaibamiza sahani mezani, jogoo juu.

"Zafarani yako hii hapa."

Mdhamini aliitazama bila kushtuka. "Sikatai, bibie. Ila ya kwangu imeidhinishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Na ya kwetu?"

"Haikupita kwangu."

"Ya kwetu haikuingia ndani! Iliyoingia ni yako!"

"Ndiyo. Na kwa kuwa iliyoingia imeidhinishwa, haiwezi kuua. Basi iliyoua ni ile nyingine."

"Ambayo haikuingia."

"Huo ndio ubaya wake," akasema Mdhamini kwa masikitiko ya kweli.

"Wewe mtu!" Kazija akaishika meza kwa mikono miwili, vikombe vikalia. "Injini umeshaifunga. Iko ndani ya gari, inakoroma, funguo ziko mfukoni kwa fundi. Unajua kilichoharibika, ulijua kabla hujaniuzia. Umeninyonya miezi saba kwa ajili ya nini? Hata faida huipati! Ungekuwa mwizi ningekuelewa, mwizi ana njaa. Wewe una nini?"

Kwa mara ya kwanza yule bwana alionekana kufikiri. "Nikisema ndiyo leo," akasema taratibu, "kesho mtajua kwamba ndiyo ilikuwepo siku zote." Halafu uso wake ukajifunga tena. "Hasira haimfai mwenye tumbo, bibie. Kaa. Usubiri."

Chupa ya uzazi ya Kazija ikapasuka hapo hapo. Maji yakashuka miguuni, yakalienea zulia jeupe, yakafika kwenye viatu vya Mdhamini. Akaruka! Miaka yote aliyokalia kiti kile hakuwahi kukutana na kitu kisichosubiri. Akashuka ngazi kinyumenyume, ameshika suruali yake juu ya magoti kama anayevuka mto, na miguu yake, ambayo haikuzoea kumbeba, ikaanza kutetemeka.

"Kaa, baba, utaanguka," Pandu akamwambia kwa huruma, akampangusia nafasi.

Naye akakaa. Mtu aliyezoea kukaa hukaa tu.

Benchi likamla. Mkwaruzo wa wembe ukapona, ndevu zikachomoza, zikateremka, zikaanza kuwa kijivu. "Niiteni!" akapiga kelele. "Niiteni upesi!"

"Nambari yako ngapi?" Pandu akauliza.

"Mimi ni Mdhamini!"

"Huyo ni wa nyumbani kwenu. Hapa unaitwa Mlalamikaji."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko chenye kutu, cha vifua visivyofunguliwa siku nyingi.

Kazija hakukisikia. Uchungu ulikuwa umemshika kiunoni kama koleo, akatafuta pa kushika, akakishika kiti kirefu, akajivuta, akakaa. Na uchungu ukakoma.

Haukupungua, ulikoma, kama redio iliyochomolewa. Kiti kilikuwa na joto la kiasi. Hakuna kilichomuuma, si mgongo, si miguu iliyovimba, hata wale wawili wa zamani, mkokoteni na baiskeli, walisogea mbali, wakawa habari ya mtu mwingine. Kumbe ndivyo kulivyo huku. Kumbe yule bwana hakuwa na njaa kwa sababu hapa hakuna njaa. Hapa muda haupandi. Unakusanyika chini, benchini, wanaoulipa ni wao. Mkono wake ukaukuta muhuri wa jogoo umelala mezani, umemtosha kiganjani kama ulifinyangwa kwa ajili yake. Akaitoa ahadi yake sidiriani, akaikunjua, akaigonga. Basi. Ndiyo ilikuwa imo ndani ya muhuri, nyepesi hivyo. Chini, watu walikuwa wameshaanza kunyoosha karatasi zao juu, mikono arobaini, wanaita, bibie, mama, mheshimiwa, na kelele zile zikamkera. Mbona hawana adabu? Si angalau wajipange?

"Kaeni," akasikia mtu anasema kwa sauti nzuri kabisa. "Tutawaita."

Alikuwa ni yeye.

Pandu akaushusha mkono wake. Alirudi nyuma hatua moja, akalitafuta benchi kwa makalio. Kazija akaweka kiganja tumboni apate kujituliza. Akangoja. Akabonyeza. Tumbo lilikuwa zuri, la mviringo, limetulia kama chungu kwenye kabati. Mtoto hakucheza. Akabonyeza tena, kwa vidole vitano. Hakuna. Hakufa, maana huku hakuna kufa. Na hatazaliwa, maana huku hakuna kuzaa. Angeweza kukaa hivi hivi, na mtoto asiyepotea, asiyelia, asiyekuja, mpaka vioo vya jumba vigeuke mchanga.

"Mwanaharamu wewe," Kazija akakiambia kiti.

Akajitupa. Alishuka kama mtu anayetoka kwenye kitanda kinachoungua, magoti yakapiga zulia lililolowa, na uchungu ukamrukia wote kwa pamoja, wa sasa na ule aliokuwa amekopeshwa, akalia kwa sauti, na ndani ya kilio hicho mtoto akampiga teke la mbavu. Akacheka huku analia. Akamtupia Pandu muhuri.

"Gongeni humo humo chini! Mzungushiane! Mtu asipande huku, mnanisikia? Asipande hata kwa dakika moja!"

"Na huyu je?" Pandu akauliza, akimwonyesha Mdhamini, ambaye ndevu zilikuwa zimemfika kifuani.

"Mpeni nambari."

Akajikokota mpaka ua wa nyuma, karatasi yake iliyogongwa mkononi. Songoro alikuwa ameshaliwasha gari. Nje ilikuwa asubuhi. Wanawake kumi na mmoja walisimama pale pale alipowaacha, upande wa ndani wa lango, na Bi Mashavu alikuwa ndiyo kwanza anafungua kifuniko cha chupa, mvuke unapanda.

"Haa! Mtoto wewe, umeingia huna kitu, umemeza nini huko?"

"Ingieni!" Kazija akapiga kelele kutoka kwenye usukani. "Ingieni, nazaa!"

Wakaingia. Hakuna aliyeuliza tena. Mwanamke akisema nazaa, maswali yote yanakuwa ya kesho. Walipandiana kama magunia, mmoja akamshika Kazija mgongo, mwingine akamfuta uso kwa kanga, na Bi Mashavu akashika gia, kwa kuwa mkono wa dereva ulikuwa umeng'ang'ania mlango.

Mlinzi alisimama mbele ya ubao wa lango. "Hati ya kutokea?"

"Gia ya pili, bibi," Kazija akasema.

Ubao ulikatika vipande viwili.

Uwanda ulikuwa mrefu kama ulivyokuwa siku zote. Mchanga ulikuwa ule ule. Kila uchungu ulipokuja Kazija alikanyaga mafuta, na injini, ambayo haikumjua mtu wala haikuwa na habari ya kifungu cha tisa, ilikwenda. Akalitukana Jumba la Dhamana kwa kituo na nukta. Akamtukana yule mwenye barabara ambaye hakuwahi kuulizwa. Wenzake wakaitikia kila tusi, kama kwenye kisomo.

Walifika. Alizaa juu ya kitanda cha chuma, chini ya taa, mikononi mwa muuguzi aliyevaa glavu, na mtoto alitoka ngumi zimekunjwa, akalia. Alilia kwa ukali uliowafanya watu wa ukumbini wageuke, bila kupumzika, uso umemwiva, kama mtu aliyekuja kudai chake na ana shahidi.

"Mnyamazishe, mama," muuguzi akasema. "Anasumbua wodi nzima."

Kazija akamwinua mtoto juu ya kifua chake, karibu na mdomo, amsikie vizuri.

"Thubutu," akasema.